Gari za Scalextric zinaruka kwenye kona na upande wa mbali zinakosa nguvu, ninunue mota kubwa?

baba_nuru_tanga

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi gari ndogo za umeme zinazokimbia kwenye njia yenye mfereji katikati, zile unashika kontrola mkononi ukibonyeza inakwenda ukiachia inasimama. Shemeji yangu anaishi Leicester, alipokuja likizo akatuletea seti ya Scalextric ya 1/32 (yaani gari halisi limepunguzwa mara 32) gari mbili, halafu baadae akatutumia vipande vya mtumba vya kuongezea, sasa hivi njia imezunguka sebule nzima inapita chini ya meza ya chakula inatokea mlango wa jikoni inarudi, kama mita 12 hivi mzunguko mmoja. Kijana wangu na watoto wa jirani wakishatoka shule ni hapo hapo mpaka magharibi na mimi nikirudi kazini naungana nao.

Sasa shida ni hizi. Gari ya bluu kwenye kona inadunda, yaani siyo kwamba inateleza taratibu unaona inaenda, hapana, tairi za nyuma zinaanza kurukaruka ghafla na hiyo imeshatoka njiani. Ile nyeupe ina nafuu. Halafu gari zote mbili zikifika kule chini ya meza mbali na adapta zinalegea kama zimechoka, zikikaribia tena adapta zinapata nguvu ghafla na ile kona ya kwanza ya mlango wa jikoni inazitupa nje. Na la tatu, sisi tuko pwani, naona reli zimeanza vidoa vya kahawia.

Kuna jamaa anauza vifaa mtandaoni ameniambia nitoe hii mota ya mizunguko 18,000 kwa dakika niweke ya 25,000 na kila kitu kitakaa sawa. Bei yake ukijumlisha na usafiri siyo ndogo. Kabla sijatuma hela nikaona niulize. Nyumbani nina bisibisi, mita ya umeme ya kawaida, chuma cha kuchomelea risasi na mafuta ya cherehani.

---

kona_mbili (Birmingham)

Kaka usitume hela kwanza. Kwa maelezo yako mota haina kosa, ukiweka ya 25,000 gari itafika kona ile ile na tairi zile zile ila kwa kasi zaidi.

Piga hesabu kidogo. Gari nyingi za Scalextric ambazo mota imelala kwa ubavu zina gia ndogo ya meno 11 na kubwa ya meno 36, maana yake mota inazunguka mara 3.27 ndo tairi inazunguka mara moja. Tairi ya nyuma ina kipenyo cha milimita 20 hivi. Kwa hiyo mota ya 18,000 bila mzigo inaweza kuifikisha gari karibu mita 5.8 kwa sekunde, na ya 25,000 kama mita 8. Sasa hapo sebuleni sehemu yako ndefu kabisa iliyonyooka ni mita ngapi, mbili? mbili na nusu? Gari haijafika hata hiyo 5.8 imeshakutana na kona. Muda wako wote unapotelea kwenye kona, na kwenye kona kinachofanya kazi ni tairi.

Huko kudunda ni dalili ya tairi ya nyuma isiyo duara sawasawa, au rimu imekaa upande, au ekseli inacheza kwenye bushi zake. Toa bodi, shika chasisi mbele ya taa, zungusha ekseli ya nyuma kwa kidole taratibu na uangalie mwanga unaopita kati ya tairi na kitu kilichonyooka kama rula. Utaona tairi inapanda inashuka. Tairi za kiwandani karibu zote ziko hivyo hata za gari mpya, kwenye gari ya kweli usingejali sehemu ya kumi ya milimita lakini hapa tairi yenyewe ni milimita 20 kwa hiyo kidogo hicho ni kikubwa sana.

Dawa yake haina gharama. Vua tairi, safisha rimu, weka tone dogo la supaglu halafu rudisha tairi upesi na uizungushe ikae katikati kabla gundi haijashika, maana tairi nyingine huteleza juu ya rimu ukibonyeza kwa nguvu na wewe unadhani ni mota imelegea. Iache ikauke kabisa. Kisha kata kipande cha msasa namba 120 ukibandike kwa selotepu juu ya njia, ulimi wa mbele wa gari ukae kwenye mfereji sehemu yenye umeme na tairi za nyuma zikae juu ya msasa. Shika gari kwa mkono, bonyeza kontrola kidogo tu, tairi zizunguke polepole zikijisaga zenyewe. Usikandamize, uzito wa gari unatosha, na pumzisha kila baada ya muda mfupi kwa sababu mpira ukipata moto unararuka badala ya kusagika. Mwanzoni utaona alama ya msasa iko upande mmoja tu wa tairi, endelea mpaka tairi nzima iwe na rangi moja ya kufifia kuanzia ukingo hadi ukingo, hapo malizia na msasa laini namba 400. Mimi nikiambiwa nichague kazi moja tu ya kufanya kwenye gari mpya nitachagua hii, hakuna kifaa cha kununua kinachokupa faida kama hii.

Ukiwa hapo hapo angalia bushi, zile pete ndogo zinazoshika ekseli. Kama pete yenyewe inacheza kwenye chasisi weka gundi kidogo sana kwa ncha ya sindano kati ya pete na plastiki, chunga isiguse ekseli. Tone moja la mafuta yako ya cherehani kila bushi, grisi kidogo kwenye gia, na ufute kilichozidi maana mafuta yakifika kwenye tairi kazi yote ya msasa imekwisha.

Halafu skrubu za bodi. Watu wengi wanazikaza mpaka mwisho. Kaza kisha rudisha nyuma nusu mzunguko au zaidi kidogo, bodi iwe inatikisika kidogo ukiigusa. Ikiwa imekazwa, mtikisiko wote wa chasisi unaenda kwenye bodi ambayo ndo iko juu na gari inapinduka, ikiwa imelegea chasisi inabaki chini inafanya kazi yake yenyewe.

Mwisho angalia mbele. Ule ulimi uingie kwenye mfereji mpaka chini kabisa, ukiona tairi za mbele ndo zimebeba gari na ulimi unaning'inia, hapo kona lazima ikutupe. Tairi za mbele ziguse njia kwa mbali sana au zisiguse kabisa. Zile nyuzi za shaba za kuchukulia umeme zichane ncha zake kwa sindano zifunguke kidogo, zilale bapa, zisiwe zimejikunja zinainua pua ya gari.

---

fundi_volti

Kona_mbili kamaliza habari ya tairi, mimi niongelee kule chini ya meza maana hilo ni suala la umeme na halihusiani na gari kabisa.

Mkuu njia yako ina vipande vingapi? Kipande kimoja kilichonyooka cha Scalextric ni milimita 350, kwa mita 12 una maungio zaidi ya thelathini, na kila ungio ni chuma kimegusa chuma tu, umeme unalipa kodi kidogo kila mahali unapopita. Ukifika katikati ya mzunguko, ambapo ndo mbali kutoka pande zote mbili, volti zimeshapungua vya kutosha gari ilegee. Na kutu inaongeza.

Upime hivi. Wengi wanaweka mita kwenye reli mbili gari ikiwa haipo, wanaona volti zile zile kila mahali wanasema njia haina shida. Volti hupotea mkondo ukiwa unapita, bila mzigo huoni kitu. Kwa hiyo weka gari pale chini ya meza, mtu mmoja aishike tairi za nyuma zikisugua kidole kidogo huku kontrola imebonyezwa mpaka mwisho, mwingine apime kwenye reli hizo hizo, sekunde mbili tatu tu usiunguze mota. Rudia karibu na adapta. Tofauti utakayoiona ndo ugonjwa.

Tiba yake nunua waya wa milimita za mraba 1.5 ule wa kuwekea taa za nyumba, rangi nne ukipata, kila reli na rangi yake. Chomelea upande wa chini wa kipande kilicho karibu na adapta, pitisha waya chini, chomelea tena kwenye reli zile zile kule mbali, ukiweza weka na sehemu nyingine katikati ya safari. Reli ya ndani ya leni ya kwanza iende kwenye reli ya ndani ya leni ya kwanza, usichanganye hata moja, ukichanganya unapiga shoti. Pima na mita kabla hujawasha. Kwa kuchomelea, kwaruza chuma kwanza king'ae, weka fluksi (dawa ya kusaidia risasi ishike), gusa na uondoke haraka kwa sababu plastiki inayeyuka na reli ikizama hata kidogo gari itakuwa inakosa umeme hapo milele. Usichomelee juu ya reli.

Maungio yaliyolegea yabane taratibu na koleo yenye pua ndefu. Mara nyingi hilo peke yake linarudisha nusu ya nguvu iliyopotea.

Na utaona faida nyingine, ile kona ya mlango wa jikoni itaacha kuwatupa watoto kwa sababu nguvu itakuwa sawa njia nzima, mkono wao unazoea kiasi kimoja cha kubonyeza. Saa hizi wanabonyeza sana kule mbali ili gari iende halafu inafika kwenye umeme mzuri kidole bado kiko chini.

---

mama_rayyan_muscat

Assalam alaykum. Sisi tuko Muscat, joto na unyevu wa bahari tunaujua na vumbi ndo usiseme, nina watoto wawili na baba yao wote ni wagonjwa wa hivi vitu.

Kutu ya reli kaka usitumie chuma cha kusugulia masufuria, tafadhali sana. Vinyuzi vyake vinakatika vinabaki njiani, mota ina sumaku ndani inavivuta na siku moja utasikia harufu ya kuungua. Tumia raba ya kufutia wino ile ngumu, sugua kwenye reli taratibu doa litoke, kisha pitisha kitambaa chenye spiriti. Mkimaliza kucheza na kama hamtacheza kwa muda paka mafuta ya cherehani kidogo mno kwa kitambaa juu ya reli, siku ya kucheza yafute yote kwanza. Vipande ambavyo hamtumii viwekeni kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, sisi hatuvitupi hata kimoja. Kuna seti za kampuni nyingine, Carrera ya Ujerumani, reli zake ni za chuma kisichoshika kutu, kama ungekuwa unaanza upya huku pwani ningekwambia uanze na hiyo, lakini usiache uliyonayo.

Tairi kuna mpira wa kawaida, kuna silikoni na kuna yurithani. Watakwambia silikoni inashika kuliko zote na ni kweli kwenye njia safi kabisa, ila kwenye nyumba yenye vumbi na watu wanapita na viatu silikoni inabeba vumbi ndani ya mizunguko michache inakuwa kama imepakwa unga. Yurithani inavumilia vumbi vizuri zaidi. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote jaribu hizo zako zilizopigwa msasa. Na kila kabla ya mbio geuza selotepu upande wa gundi uwe juu, vuta gari juu yake tairi zijisafishe, utashangaa uchafu unaotoka.

Tairi za mbele muombe mama Nuru rangi ya kucha isiyo na rangi, paka tabaka moja jembamba kwenye tairi za mbele tu uache ikauke. Zinakuwa ngumu na zenye kuteleza, haziing'ang'anii njia, pua ya gari inafuata ulimi bila kubishana nao.

---

rift_rally (Nakuru)

Sasa mimi nitasema jambo ambalo wengine hawatapenda. Toa sumaku.

Chini ya hizo gari za Scalextric kuna sumaku karibu na ekseli ya nyuma, inavutwa na reli za chuma, ndo inashikilia gari chini. Ndo maana pia gari yako inatoka ghafla bila onyo, sumaku inashika inashika halafu tairi ikidunda kidogo tu gari inainuka milimita moja, nguvu ya sumaku inaisha yote mara moja na gari imeruka. Bila sumaku gari inateleza kwanza, nyuma inatoka nje unaiona, unaachia kidogo, inarudi. Hapo ndo unaendesha. Na sumaku inaficha makosa yote, tairi mbovu, uzito mbaya, ulimi ulioinuka, huwezi kujua gari yako ikoje mpaka uitoe.

Ukiitoa fanya mambo mawili. Shusha volti, tafuta adapta ya kurekebisha volti uweke 9 au 10 hivi, na 12 iache kwa siku ukizoea. Pili weka uzito. Nyinyi mko pwani mna bahati, nenda kwa wavuvi uombe chubwi za mshipi zile za risasi, zigonge na nyundo ziwe bapa, bandika ndani ya chasisi chini kabisa kati ya ulimi na ekseli ya nyuma. Anza na gramu 5, jaribu, ongeza. Ikiwa pua inaruka kutoka kwenye mfereji ukikanyaga basi sogeza uzito mbele, ikiwa nyuma inatoka sana rudisha nyuma. Risasi ni sumu kwa hiyo kazi hiyo ufanye wewe, siyo watoto, na unawe mikono kwa sabuni.

Mimi napenda rali, niko karibu na Naivasha na tangu Safari Rally irudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 sijakosa kwenda kusimama barabarani. Nyumbani nimetengeneza njia ya leni moja, kila mtu anakimbia peke yake dhidi ya saa. Sehemu nyingine nimepaka gundi ya mbao pembeni mwa mfereji nikanyunyiza mchanga laini uliochekechwa, ikikauka nikapuliza uliobaki, tairi zinapata ile hali ya murram. Nina Mitsubishi Lancer nimeipaka rangi nyumbani kumkumbuka Joginder Singh, yule dereva wa rali wa Kenya, alishinda Safari 1974 na 1976 akiwa na Lancer, na kabla ya hapo 1965 na Volvo. Hiyo gari ukiiwekea sumaku umeiua, haitapiga upande hata siku moja.

---

mzee_wa_solent

Wanangu nimewasoma wote, mnafundisha vizuri. Mimi niko Portsmouth toka miaka ya sabini, karibu na hapa Havant ndipo ilipokuwa kampuni ya Minimodels ya Fred Francis, aliyeanza na gari za kuvuta spring kisha 1957 akazitia umeme zikawa Scalextric. Njia za mwanzo zilikuwa za mpira. Magari yale hayakuwa na sumaku ya kushikilia na watu walikimbia miaka mingi hivyo, kwa hiyo rift_rally ana hoja.

Ila mwanangu hapo Nakuru, huyu bwana ana watoto sebuleni. Mtoto wa miaka minane ukimtolea sumaku siku ya kwanza gari itatoka kila kona, ataichoka ndani ya nusu saa. Mimi nilivyowafundisha wajukuu niliacha sumaku ila nikapunguza nguvu yake. Gari nyingine sumaku yake ina sehemu mbili za kukaa, moja iko karibu na ekseli na nyingine iko mbele zaidi katikati, ukiihamishia katikati gari inaanza kuteleza kidogo kabla ya kutoka. Au unaweka karatasi chini yake kuiinua, karatasi moja moja, utaona tofauti kwa kila karatasi. Wakizoea unaitoa.

Habari ya mota na gia niongeze kidogo. Kama siku moja utabadilisha kitu humo ndani, badilisha gia kabla ya mota. Kwenye njia fupi yenye kona nyingi unataka gari iondoke haraka kwenye kona na isimame haraka unapoachia. Gia kubwa yenye meno mengi zaidi, au ile ndogo yenye meno machache, inakupa vyote viwili, mwisho wa kasi unapungua lakini wewe mwisho wenyewe huufikii kama kona_mbili alivyokupigia hesabu. Watu wanasahau breki. Gari hizi breki yake ni mota yenyewe, ukiachia kontrola mota inageuka kuwa jenereta inajizuia, na uwiano wa gia ukiwa mkubwa breki inakuwa kali. Ukiagiza gia za Slot.it au NSR, watengenezaji wa Italia, ekseli zao ni inchi 3/32, milimita 2.38, hakikisha na yako ndo hiyo kabla ya kulipa.

Gia mpya zikilia sana kuna wanaopaka dawa ya meno kwenye meno yake, wanaendesha mota kwa volti 3 au 4 dakika chache zisagane, kisha wanaosha vizuri yote itoke na kutia grisi. Mota mpya nayo ipe nafasi, iache izunguke bila mzigo kwa volti hizo hizo ndogo kwa muda ili brashi zake za kaboni zikae sawa na duara, ndo uiweke kazini.

---

rift_rally (Nakuru)

Shikamoo mzee. Hiyo ya karatasi nimeipenda, sikuwahi kuifikiria, nitaijaribu na binti wa dada yangu ambaye anataka gari yenye sumaku na hataki kunisikiliza.

---

baba_nuru_tanga

Wakuu, na mzee wangu shikamoo, dada wa Muscat waalaykum salaam. Sijui nianze wapi kushukuru.

Nimeanza na tairi za ile ya bluu. Jamani. Alama ya msasa ilikuwa upande mmoja tu wa tairi ya kulia, robo yake hivi, kwingine msasa haukugusa kabisa mpaka nilipokaa nayo sana. Kumbe ilikuwa yai. Sasa hivi haidundi, inapita kona ya jikoni na sauti yake imebadilika kabisa, haina ule mlio wa tatatata. Skrubu za bodi zilikuwa zimekazwa mpaka mwisho kama ulivyosema kona_mbili.

Umeme fundi_volti, nilipima kama ulivyoelekeza, karibu na adapta volti 11 na kitu, chini ya meza 8 na nusu. Nimebana maungio yote na kusugua reli kwa raba ya wino, peke yake ikafika 9.8. Waya nimeshanunua, Jumamosi nachomelea. Mzunguko wa haraka wa kijana ulikuwa sekunde 7.4 sasa anapiga 6.1 na hela ya mota bado iko mfukoni. Sumaku tumeipandisha na karatasi mbili, tutaendelea.

Sasa wamekuja na jipya, wanataka mashindano ya mtaa, watoto kama wanane, na jirani yangu ni seremala ana rauta (mashine ya kuchonga mifereji kwenye mbao) anasema tuchonge njia ya mbao tuachane na vipande. Inawezekana? Na mashindano ya haki yanaendeshwaje wakati leni ya ndani na ya nje hazilingani?

---

mbao_na_shaba (Mwanza)

Inawezekana sana na ukishakimbia kwenye mbao hutarudi kwenye plastiki, ila kuna mambo ya kujua kabla hamjakata.

Chukueni MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 12. Mfereji upana milimita 3, kina milimita 8, usizidishe mbao itakuwa dhaifu. Nafasi kutoka mfereji hadi mfereji wekeni sentimita 9 au 10, ile ya Scalextric ni milimita 78 tu na gari pana zinagongana kwenye kona zikianza kuteleza. Kuchonga kona usitegemee mkono. Tafuteni ubapa wa plastiki au mbao nyembamba unaopindika, mnaupigilia skrubu kufuata mchoro wenu kisha rauta inatembea ikiwa imeegemea huo ubapa. Mnaweza kuchora kona inayobana kadri unavyoingia, kitu ambacho kwenye vipande vya kununua hakipo. Vumbi la MDF ni baya kwa mapafu, vaeni barakoa na mchongee nje.

Umeme unapita kwenye utepe wa shaba wenye gundi nyuma, unabandikwa pande zote mbili za mfereji. Raha yake haina maungio, utepe mmoja unazunguka njia nzima, lakini bado ulishe na waya sehemu tatu au nne kwa chini maana utepe wenyewe ni mwembamba. Na hapa ndo suala la sumaku linaisha lenyewe, shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo gari zote zitakimbia kwa tairi na uzito peke yake. Waandae watoto mapema.

Kwa Tanga jambo kubwa ni unyevu. MDF inavimba ikinyonya maji, mfereji unajifunga, ulimi unakwama. Pakeni rangi pande zote mbili, chini na juu, na ndani ya mfereji pia, kabla ya kubandika shaba. Juu tumieni rangi ya maji isiyong'aa, tairi zinaipenda.

Mashindano ya haki ni rahisi. Usihesabu nani kafika wa kwanza. Kila mtoto anakimbia kwenye kila leni muda ule ule, mfano dakika 3, halafu unajumlisha mizunguko yote aliyopata. Anayepata mingi ndo mshindi, hapo leni ya ndani na nje zimejisawazisha zenyewe. Wanaosubiri zamu ndo wanasimama kwenye kona kurudisha gari zilizotoka, kila mmoja na kona yake, na anayerudisha harudishi ya rafiki yake kwanza. Gari ziwe za seti, tairi za aina moja kwa wote, ili anayeshinda awe anayeendesha vizuri na siyo ambaye baba yake kaagiza vitu.

Kuhesabu mizunguko kwa macho kwa watoto wanane mtagombana. Kama kuna mtu anajua Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta cha kuprogramu), weka kihisi cha mwanga kimoja ndani ya kila mfereji chini na taa ndogo juu yake kwenye kidaraja, ulimi wa gari ukipita unakata mwanga na inahesabu. Kiwekeni mbali na dirisha, jua likipiga moja kwa moja kihisi hakioni tofauti.

---

fundi_volti

Na usitumie adapta moja kwa leni zote mbili kwenye hiyo ya mbao. Kila leni adapta yake. Gari moja ikitoka njiani ile iliyobaki isipate nguvu ya ziada ghafla, watoto wengi wanaruka hapo hapo na wanalia wameonewa.

---

baba_nuru_tanga

Sawa mkuu, adapta mbili. Seremala nimemuonyesha huu uzi, kesho tunaenda kuangalia MDF, nitaweka picha tukishachora njia mjue kama kuna kona imebana kupita kiasi kabla hatujashika rauta.